Reli Iliyoishia Sekenke

Gaspari Njoghomi wa Issuna alifanya kazi ya reli miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuvaa kofia ya kazi. Alikuwa mtu wa gangi. Watu wa gangi ni wale wanaotembea juu ya reli na nyundo na mitaimbo, wanabadilisha mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, yakioza, na treni ikija wanasogea pembeni kuipisha kama unavyompisha ng'ombe wa tajiri. Stesheni masta alikuwa na kofia, bendera na kiti. Gaspari alikuwa na jua.

Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani, akalima alizeti na uwele kama wengine, akazeeka, mkewe akamtangulia. Mwaka juzi, baada ya mavuno, kanisa lilipobadilisha milango aliomba mlango mmoja wa zamani, wa mninga, akaulaza juu ya mapipa mawili pale barazani kwake. Watu wakadhani anataka meza. Kumbe anataka kujenga reli.

Hakuanza na waya. Alianza na karatasi ya mfuko wa saruji na penseli ya fundi seremala, akakaa wiki tatu anachora na kufuta kwa mate. Kwa mawazo yake treni haiendi hivi hivi tu. Lazima ijulikane imetoka wapi, imebeba nini, nani aliileta na kwa nini. Reli ya Manyoni aliifahamu taruma kwa taruma, na ndiyo maana hakuitaka, kwa sababu ile ilikuwa na wenyewe. Alitaka ya kwake. Akabuni reli ya kutoka Singida mjini, ipite Iguguno, ipite Ulemo, iteremke mlima Sekenke mpaka Shelui. Reli hiyo haikuwahi kuwepo, wala yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Aliichagua Iramba makusudi: ni kwa Wanyiramba, na watu wa Issuna, Wanyaturu, wengi wao huko hawana shamba wala shemeji. Nani angemkosoa?

Basi akaiandikia historia. Ilifunguliwa mwaka hamsini na nane. Ilibeba pamba, karanga na ng'ombe. Treni ya kwanza ilichelewa siku mbili kwa sababu ya dume la mzee mmoja lililolala katikati ya njia likakataa kuinuka mpaka mwenyewe aje aliimbie. Mambo kama hayo. Reli akaitengeneza kwa waya wa ua, mataruma kwa mabua ya alizeti, mabehewa kwa makopo ya dagaa. Pale Ulemo akajenga stesheni kubwa: tangi la maji, ghala, njia tatu za kupishania, na mbele ya ofisi akamsimamisha stesheni masta wa bati mwenye kofia ya kizibo cha soda. Chini yake akaandika: G. Njoghomi.

Na hapo ndipo alipokosea vipimo. Ulemo na ukubwa wake ule ilimeza mlango. Waya ulipofika Sekenke, ubao uliisha. Shelui ingekuwa hewani.

Mtu mwingine angepunguza stesheni. Gaspari hakuweza. Akaona afadhali aipe reli sababu ya kukatikia pale, na sababu ya reli kukatika, kwa mtu wa gangi, ni moja: ajali. Akaandika kwamba mwaka sabini na tisa, kwenye mvua kubwa, treni ya mizigo ilishindwa breki kwenye mteremko wa Sekenke, ikaanguka, akafa mtu mmoja, na serikali ikang'oa reli ile yote. Wazee wa Singida wanajua reli huweza kung'olewa, ya kwao ya kwanza iling'olewa zamani. Hilo halikumshangaza mtu.

Jumapili baada ya misa watu walizoea kupita kwake kutazama. Aliivuta treni kwa kamba, akieleza, na watu walikaa kimya kumsikiliza, jambo ambalo halikuwahi kumpata maishani. Jumapili moja Magreth, muuza maandazi, akauliza, "Na huyo aliyekufa alikuwa nani, babu?"

Gaspari hakuwa amemwandikia jina. Akafungua mdomo bila kujua kitakachotoka, kikatoka: "Antipasi."

"Antipasi yupi? Huyu wetu?"

Angeweza kusema la. Wapo akina Antipasi wengi. Lakini watu walikuwa wamemkodolea macho, na kusikilizwa kule kulikuwa kutamu.

"Huyu wetu," akasema.

Antipasi alikuwa rika lake, walitoka jando pamoja. Mwaka sabini na sita, miezi minane baada ya kumwoa Theodora, aliaga kwamba anamfuata Gaspari kwenye kazi ya reli. Hakufika kwenye gangi, wala hakurudi nyumbani. Wengine walisema ameonekana Tabora, wengine Kahama. Theodora akabaki hapo kwa wakweze, si mke, si mjane. Kila aliyekuja kumposa, wazee waliuliza swali lile lile: na mwenyewe akirudi? Wakaacha kuja. Alikuwa na miaka ishirini wakati huo. Sasa ana sabini.

Siku mbili baadaye, asubuhi, akaja Bonifasi, mdogo wake Antipasi.

"Shikamoo, kaka Gaspari."

"Marahaba. Za nyumbani?"

"Shemeji amenyoa."

"Amenyoa nini?"

"Nywele. Jana jioni. Tumeanza msiba."

Gaspari akashika ukingo wa mlango wake wa mninga.

"Miaka yote tulikuwa tunakuuliza, wewe mtu wa reli, hukumwona ndugu yetu? Ukawa unasema hapana," Bonifasi akaendelea. "Mimi nilikasirika, sikufichi. Lakini shemeji ameniambia niache. Amesema habari ya kifo ni mzigo, kila mtu anautua anapoweza. Njoo nyumbani, anakuita."

Hapo ilikuwa nafasi ya kwanza ya kusema kweli. Ingekuwa aibu ya watu wawili, ingekwisha hapo hapo barazani. Gaspari aliinama tu, na Bonifasi akadhani ni huzuni, akampigapiga bega.

Theodora alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kinang'aa kama cha mtoto aliyetoka kunyolewa, wanawake wamemzunguka. Akamshika Gaspari mikono yote miwili.

"Asante, shemeji. Miaka hamsini nimelala na mlango bila komeo, nasema labda atarudi usiku. Leo nimefunga. Niambie kitu kimoja. Aliteseka?"

"Hapana," Gaspari akasema. "Mara moja tu."

Uongo wa kwanza ulimponyoka. Huu aliutoa kwa hiari yake, na aliuona ukitoka. Alikwenda nyuma ya zizi la Bonifasi akatapika, na wanawake waliomwona wakasema, maskini, alimpenda mwenzake.

Wazee wakakaa. Mtu aliyefia mbali, mwili wake usipopatikana, wao huchukua udongo wa mahali alipofia wakauzika nyumbani. Ikaamuliwa Theodora na Bonifasi waende Sekenke. Kaburi lichimbwe na watakaobaki wakiwangoja, ili udongo usilale ndani ya nyumba. Na wa kuwaonyesha mahali ni nani kama si Gaspari?

Waliondoka alfajiri ya Alhamisi. Theodora alipakata chungu kipya kilichofungwa kitambaa cheupe. Gaspari alijiambia, nitasema tukifika stendi ya Singida. Stendi ilikuwa na kelele. Akasema, nitasema Iguguno. Iguguno basi lilisimama dakika moja, watu wakanunua mahindi ya kuchoma, Theodora akamnunulia na yeye. Mtu aliyenunuliwa hindi na mjane atasemaje? Halafu akaona kibao kando ya barabara, Ulemo, na mshale, na nyuma yake miti ya miiba na mama mmoja anauza vitunguu. Hapo ndipo alipokuwa stesheni masta.

Basi lilipoanza kuteremka Sekenke, Theodora akabandika uso kwenye kioo. "Ni hapa?"

"Mbele kidogo."

"Hapa je?"

"Mbele, shemeji."

Kila kona akauliza, kila kona akajibiwa mbele, mpaka mlima ukaisha na mbele ikawa Shelui yenyewe, maroli yamejipanga kando ya barabara, nyama inachomwa, redio tatu zinaimba kila moja wimbo wake. Wakashuka. Bonifasi akamtazama Gaspari jicho la pembeni, kisha akamwendea fundi pancha aliyekaa juu ya tairi, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa anaitwa Stanley.

"Samahani, mzee mwenzangu. Treni ilianguka wapi hapa Sekenke?"

"Roli?"

"Treni."

Stanley akaacha kugonga tairi. "Treni? Mimi nimezaliwa hapa, na mwaka huu nina sitini na nne. Labda ilipita nikiwa nimekwenda haja." Madereva wakacheka. "Mtoto wa watu, hapa hata baiskeli inaogopa ule mlima. Treni ingekuja na miguu?"

"Waling'oa reli," Bonifasi akasema, sauti imepungua.

"Walichopanda ndicho wanachong'oa. Hapa hawakupanda kitu."

Madereva wakacheka tena, halafu mmoja akaona kichwa cha Theodora na kile chungu, akawagusa wenzake, wakanyamaza wote.

"Shemeji," Theodora akasema. Hakupandisha sauti. "Huyu baba anasema nini?"

Gaspari akavua kofia. Alisema akiwa ameangalia viatu vyake. Alisema reli aliitunga. Alisema mlango ulimwishia, akahitaji ajali, na ajali ikahitaji mtu. Bonifasi akamshika ukosi wa shati, vifungo viwili vikaruka.

"Mwache," Theodora akasema. "Nina swali. Majina yote duniani, kwa nini lake?"

Gaspari akatafuta jibu la kumfariji, akaliona linakuja, jepesi na zuri kama yale mengine, akalimeza. Akasema kweli.

"Niliona halina mwenyewe."

Theodora akakitua chungu juu ya lile tairi la Stanley, taratibu, kwa mikono miwili. "Mwenyewe ni mimi," akasema.

Bonifasi akamwachia.

"Nikiwa na miaka ishirini walinikataza kuja huku, njia ya Tabora na Kahama, kumtafuta," Theodora akasema. "Walisema mwanamke hamfuati mume barabarani. Sasa nimefika, na nywele sina, sitazirudisha leo. Bonifasi, mimi na wewe tutalala hapa. Mji huu unapitisha watu wa kila mahali, nitauliza wazee wao mmoja mmoja kama kuna aliyewahi kumwona. Wewe shemeji utatangulia. Kuna watu nyumbani wanangoja udongo, na kaburi limechimbwa. Nikirudi nisikute hata mmoja ambaye hajui. Na usimtume mtu. Useme kwa mdomo wako huo huo."

Gaspari alifika Issuna jua limeinama. Kutoka barabarani aliona watu wamekaa nyumbani kwa Bonifasi, wanaume upande wa kaburi, wanawake upande wa moto, sufuria ya makande inachemka. Walipomwona peke yake, mikono mitupu, wakasimama.

Katika njia yote alikuwa amepanga maneno. Alikuwa ameyapanga vizuri, yenye mwanzo na mwisho, kama alivyopanga stesheni zake. Alipofika mbele yao akaona uzuri wa maneno yale ndio ugonjwa wenyewe, akayaacha. Akasimama na shati lililokatika vifungo, akasema, "Antipasi hakufa kwa treni. Treni haikuwepo. Nilitunga mimi."

Mama mmoja akaanza kuondoa kuni motoni.

Nyuma kabisa, kwenye kigoda, alikuwepo bibi Lucy, shangazi yake Antipasi, miaka tisini na ushee, masikio yamekwisha zamani. Akaona midomo imefunga na nyuso zimebadilika. "Anasemaje?" akapaza sauti. "Udongo umefika?"

Siku nyingine wangegombania kumwelezea. Siku ile wote walimtazama Gaspari tu. Ikabidi apite katikati yao, apige goti, aseme tena.

"Ehe?"

"Nimesema nilitunga, shangazi!"

"Umechunga?"

"Nilidanganya!" Gaspari akapiga kelele, mpaka waliokuwa kisimani wakageuka. "Nilidanganya watu!"

Bibi Lucy akamtazama kama mtu anayekagua mbegu. Kisha akauliza, "Na shimo hilo?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Shimo lilikuwa pale, limekatwa sawasawa, linamngoja mtu.

"Mpeni koleo," bibi Lucy akasema.

Kwa desturi yao, mtu hafukii kaburi peke yake. Unatupa udongo kidogo, mwenzako anakugusa mkono, anakupokea koleo, na wewe unampisha. Hata wenye ugomvi hupokeana siku hiyo. Gaspari alianza kutupa. Alitupa mpaka mgongo ukamkaza. Akasimama kidogo, akanyoosha koleo pembeni bila kugeuka, kama mtu anavyofanya akingoja kupokewa. Likabaki hewani. Akalirudisha, akaendelea.