Hirizi ya Goli la Mlimani

Abdulatif, muuza viungo wa sokoni Morogoro, alikwisha kuhamia uwanja mpya wa timu yake kabla uwanja wenyewe haujaota nyasi. Kila Ijumaa alikwenda kuwakaripia mafundi kwa uvivu wao, yeye ambaye paa lake linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Walipochimba mashimo ya magoli, akapanda hadi kijiji cha Kinole kwa mganga, akarudi na hirizi ya kuvuta mipira wavuni. Akaifukia kwenye goli la upande wa mlimani, ambalo kwa hesabu zake ndilo la wageni. Wiki nzima akatembea kifua mbele: kila atakayekanyaga pale atafungwa mpaka aombe poo.

Mkewe, Shadya, asiyejua hata kuotea ni nini, alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Sasa Baba Alifya," akauliza, "kipindi cha pili mkibadilishana magoli, hilo la mlimani litakuwa la nani?"

Abdulatif alikimbilia uwanjani na jembe. Mafundi walikuwa wameshamwaga zege.

Siku hizi huwapelekea chai, na kuwakumbusha kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka.