Puto la Tatu Kutoka Kwai

Niliondoka Tanga kwa sababu ya upepo. Mimi ni fundi simu, na ugonjwa wangu wa siku za mapumziko ni kurusha maputo ya kupima hali ya hewa: puto kubwa la mpira, mwavuli wa kushukia nilioushona kutoka koti la mvua, na kasha jeupe la kubebea samaki lenye kamera, kipimajoto na simu ndogo ya kunijulisha lilipo. Puto la kwanza lilichanwa na upepo wa bahari kabla sijaliachia. La pili lilikwenda, na mpaka leo halijarudi. Nikamwapia mke wangu, Rehema, kwamba la tatu likipotea, naacha kabisa.

"Basi kajaribu mlimani," alisema akicheka. Alikuwa ananitania, lakini nilimsikiliza.

Saa nane mchana nilikuwa Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoiacha barabara kuu ya Moshi. Nilikumbatia mtungi wa heli, gesi ile ya kujazia maputo ya sherehe.

"Ya kupikia hiyo?" utingo aliniuliza.

"Ya kurukia."

"Basi kaa nayo mwenyewe huko nyuma."

Jioni nilifika Kwai, huko juu milimani, kwa Mama Neema, mkulima na mfugaji, mzazi wa rafiki niliyesoma naye ufundi. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiye wewe unayetaka kupaa?"

"Si mimi, mama. Ni hili kasha. Litapanda juu kuliko ndege."

"Mbali hivyo! Na baridi yote hiyo!" Akamgeukia binti yake, wakasemezana kwa Kishambaa, wakacheka. Nikacheka nao, bila kujua tunamcheka nani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hewa ilikuwa imetulia tuli, na kibali cha watu wa anga nilikuwa nacho mfukoni. Nikapima kasha kwa mzani wa karoti, gramu kwa gramu, maana gesi hutiwa kulingana na uzito. Kisha nikaitwa chai. Kwa Mama Neema hutoki mezani mpaka yeye aridhike kwamba umeshiba, na haridhiki upesi. Niliporudi kibarazani nilikuta ameshalifunga kasha kwa utepe, mzunguko juu ya mzunguko. Nikamshukuru. Lilikuwa zito kidogo mikononi, lakini nikadhani ni woga wangu.

Saa moja na nusu tuliliachia. Majirani walishangilia. Mimi niliinamia simu yangu kulifuatilia, kwani puto lilikuwa likipanda kivivu, kama mtu anayepandisha mlima Magamba na gunia la viazi. Nilitarajia lipande upesi na kuanguka karibu. Badala yake upepo wa chini ulilikokota kuelekea bondeni, na baadaye ile simu yake ikanyamaza. Niliketi kwenye majani mabichi nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Rehema. Niliumia sana, sitaficha.

Saa saba kasoro simu yangu ikaita. Namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima: "Wewe ndiye mwenye sanduku lililoshuka na mwavuli? Liko Mombo. Njoo ulichukue."

Alasiri nilikuwa Mombo tena, mbele ya meza ya matunda ya Bi Mwanaidi, yule aliyenipigia. Kasha lilikuwa chini ya meza, limepasuka pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulitaka kutuua kwa presha wewe! Limeanguka nyuma ya nyumba yangu, watu wameona nyaya, wakasema bomu, litupwe mtoni. Nikachungulia pale lilipopasuka. Nikaona mapeasi matatu, yamefungwa vizuri kwenye kipande cha kitenge. Mapeasi ya mlimani nayauza kila siku, siyajui? Nikawaambia, mtu mbaya hafungiwi masurufu. Huyu ana mama yake huko juu. Ndipo tukatafuta namba, tukaikuta umeiandika ndani ya kifuniko."

"Yako wapi sasa?"

"Tumeyala. Yalikuwa ya baridi, hata friji haifikii."

Nilicheka mpaka machozi. Nikampigia Mama Neema.

"Si ulisema linakwenda mbali?" alijibu, akinishangaa. "Msafiri atatokaje kwangu mikono mitupu?"

Nilitaka kumweleza habari za gramu, nikaishia kumshukuru. Mapeasi yake yalinivurugia hesabu yote, na bila hayo kasha langu lingekuwa mtoni.

Kesho yake, Tanga, nilimwonyesha Rehema picha: mawingu yamelala kwenye mabonde ya Usambara, kisha anga jeusi na ukingo wa dunia uliopinda. Nilisubiri astaajabu. Yeye akairudia picha ya kwanza, iliyopigwa mara tu kasha lilipoinuka. Mimi nimeinamia simu yangu. Majirani wanapiga makofi. Mama Neema peke yake ameinua mkono, anapunga.

"Nyie wengine mlikuwa mnarusha puto," Rehema alisema. "Huyu alikuwa anaaga mgeni."

Nimejifunza kupima hewa kwa miaka mingi. Kuaga nimejifunzia Kwai.