Mdachi Mezani kwa Shangazi

Nilichagua kazi ya kuendesha watalii huku Omani kwa sababu siwezi kukaa pahala pamoja. Nikilala Maskati siku mbili tatu, miguu inaniwasha. Wengi wa wageni wangu ni Wajerumani, ambao shangazi yangu anayekaa mji wa Ibra huwaita Wadachi, kama walivyoitwa Unguja alipokuwa msichana huko.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke aliyevuka sitini, mwenye viatu vya kupandia milima na uchu wa kusoma kila kibao cha barabarani. Tulianzia soko la mbuzi la Nizwa. Mchuuzi mmoja, kamshika beberu pembe, akaniuliza mgeni wangu anatoka wapi. Nilipomwambia, uso ukamng'aa. Akainua kidole gumba, akamtaja kwa jina yule dikteta wao wa masharubu mafupi, akasema yule ndiye alikuwa mwanamume. Hakuwa na ubaya. Alikuwa akimkirimu mgeni, kama unavyomsifia mtu timu ya mpira ya kwao.

Mgeni akaniuliza kasema nini. Mimi hutafsiri kama ninavyopika chai, sukari ndiyo kwanza. Nikamwambia anayasifu magari ya Kijerumani.

Tulipoingia garini akafunga mkanda, akasema, "Lile jina nimelisikia. Si jina la gari."

Hakununa, lakini mpaka tunapita mji wa Sinaw hakusoma kibao hata kimoja. Kisha akaniambia hadhani kama atafika pwani ya Ras al Hadd kutazama kasa. Bora arudi Maskati abadilishe tiketi. Amechoka, alisema, kusifiwa nchi za watu kwa jambo ambalo kwao wanalionea haya.

Kwetu mgeni aliyevunjika moyo dawa yake ni chakula. Nikampigia simu shangazi kule Ibra, akasema pilau imeshapakuliwa, tunachelewa.

Nilichosahau ni desturi ya nyumba ile. Shangazi hamuulizi mtu anafanya kazi gani. Humuuliza ni wa nani. Baba yake nani, babu yake nani, shamba lao lilikuwa wapi. Mleta mitungi ya gesi aliulizwa hivyo hivyo mlangoni, ikatokea ni jamaa yetu, na tangu hapo hatoki bila ya kula.

Basi kikombe cha kahawa hakijapoa, shangazi akanigeukia. "Muulize, mwanangu, babu yake alikuwa nani?"

Nikauliza kwa Kiingereza, nikiomba Mungu babu awe mkulima.

Mgeni akaweka kikombe chini. "Nitajibu," aliniambia, "lakini safari hii usitie sukari."

Alisema babu yake alikuwa mkuu wa stesheni ya treni katika mji mdogo. Alijiunga na chama cha Wanazi mapema, kwa hiari yake. Vita vilipokuja, treni zilizojaa Mayahudi zilipita stesheni yake kwenda kwenye kambi za kuuawa, na yeye akizipigia filimbi na kuzipa njia. Nyumbani watoto waliambiwa tu kwamba babu alikuwa mtu wa reli, hodari wa kutunza saa.

Nikatafsiri neno kwa neno. Binti yake shangazi, anayefanya kazi wizarani, alikuwa akikata halwa, kisu kikasimama.

"Alijua zinakwenda wapi?" shangazi aliuliza.

"Alijua."

"Na wewe nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilitafuta mwenyewe."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. Kisha mgeni, kwa adabu zote, akauliza na yeye babu yake shangazi alikuwa nani. Nikapumua. Jibu lile nalijua kwa moyo: tajiri wa Pemba, karafuu, msikiti alioujenga.

"Babu yangu alikuwa na mashamba ya karafuu Pemba," shangazi alianza. Akajifuta mikono kwa kanga. "Baba yake alinunua watu. Watumwa. Babu aliwarithi, na hao ndio waliozichuma karafuu. Mwambie hivyo hivyo, usinipunguzie."

Nikamwambia hivyo hivyo.

"Mama, hukupata kutwambia," binti yake alisema.

"Na nyinyi hamkupata kuniuliza. Mnauliza ekari za shamba tu."

Mgeni akauliza kama shangazi anawajua majina watu hao. Shangazi akakunja kidole cha kwanza kama wa kuhesabu, akakikunjua.

"Punda wa babu namjua jina," alisema. "Wao siwajui."

Shangazi akavuta sinia, akampakulia mgeni pilau juu ya pilau, akamwambia ale, asifanye haya. Tiketi haikutajwa tena. Mgeni alivua vile viatu vyake vizito, ambavyo aliingia navyo na hapana aliyemkanya, akavisogeza ukutani, akauliza ile Pemba iko upande gani wa Unguja.