Mnakili wa Miwani na Kikohozi

Shangazi yangu alikuwa mnakili wa ramani. Alitandaza karatasi laini inayopenya mwanga juu ya mchoro, kisha akaufuata kwa wino, mstari baada ya mstari, bila mkono kutetemeka. Enzi za ukoloni aliajiriwa na wasanifu majengo wawili walioshirikiana ofisi moja. Kibao cha shaba mlangoni kilikuwa na majina yao marefu; wafanyakazi waliwaita Miwani na Kikohozi, basi.

Miwani alipenda majengo yatazame nje, Kikohozi yatazame ndani. Kwa miaka kumi na mitano tofauti hiyo iliwapa sifa. Ilipofika zamu ya hospitali ya wazazi, ikawavunja. Miwani alitaka veranda ndefu kuzunguka wodi. Mwenzake alitaka ua wa kivuli katikati. Wakanuniana. Meza zao zilitengana hatua tatu tu, lakini kila neno lilipitia kwa shangazi.

"Mwambie mwenzangu wagonjwa wanahitaji upepo."

"Mwambie yeye wanahitaji utulivu."

"Jamani, si mnasikiana?" shangazi aliuliza siku moja. Hakuna aliyemsikia.

Alasiri moja, peke yake ofisini, alibandika michoro yote miwili kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine. Jua likapenya. Veranda ikaelea juu ya ua, na pale katikati, alinisimulia, akamwona mama mjamzito akitembea taratibu, akitoka kwenye upepo na kuingia kivulini bila kukuta mlango. Akachora alichokiona. Siku mbili nzima, hakumbuki hata kama alikula.

Kikohozi ndiye aliyeikuta karatasi ya tatu mezani. "Nani kachora hii?"

"Nyinyi wawili, bwana. Mimi nimenakili tu."

Miwani akasogea. Wakaiinamia, mabega yakigusana. Kisha Kikohozi akamgeukia mwenzake, mara ya kwanza baada ya miezi minne: "Ngazi ihamie huku."

Hospitali ikajengwa. Kwenye jiwe la ukutani yakachongwa majina mawili. Uhuru ulipokuja, kila bwana akaenda zake. Shangazi akahamia idara ya ujenzi, akachora shule hadi akastaafu.

Mimi nilizaliwa pale. Mama anasema shangazi alikuja kumjulia hali, ila alichukua karibu saa nzima kutoka getini hadi kitandani.

"Wifi, ulipotea?"

"Hata," akajibu, macho yake bado yakiwa mbali. "Nilisimama kidogo pale konani, veranda inapoingia uani. Nilikuwa nawaangalia akina mama wanavyopita."