Kopo la Vidonge la Mama Asma

Asubuhi sokoni Kasongo, mashariki mwa Kongo, Mama Asma anageuza mkate wa mchele kikaangoni, anautoa, anauacha upoe kidogo kwenye sinia, kisha anamkabidhi mteja kwa mkono usio na glavu. Hapa mkate hutolewa hivyo. Muuzaji anayevaa glavu huulizwa ana nini.

Naye aliulizwa sana tu.

Mwaka jana mikono yake ilijaa mabaka mekundu yenye magamba meupe, ngozi ikapasuka kwenye viungo vya vidole. Akavaa glavu. Soko halikungoja daktari: Mama Asma ana ukoma, basi. Kutoka mikate mia moja ishirini kwa asubuhi, akawa anauza thelathini.

Kumbe ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Alikuwa nao tangu usichana, baka moja kwenye kiwiko. Mjane huyu wa miaka 51 alikuwa ametoka kutibiwa saratani ya titi Bukavu, akarudi na vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano ili isirudi, pamoja na vingine vya presha.

Pikipiki za kurudi kupitia Kabambare husimamishwa kwenye vizuizi vya askari, na mwenye maboksi ya dawa huonekana mfanyabiashara, akalipishwa. Kwa hiyo alifanya kama wengi: alitupa maboksi na karatasi, vidonge vyote akavichanganya kwenye kopo la maziwa ya unga. Ujanja huo ulimfaa barabarani, ukamponza nyumbani.

Ngozi ilipowaka, bila karatasi ya kumweleza madhara ya kila dawa, alijichagulia mkosaji.

"Nilisema, hii ya kanseri iko kali, ndiyo inanikula ngozi," anasimulia. "Nikaiacha. Ile ingine nikaendelea nayo."

Miezi miwili hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini jirani yake Fatuma alikiwahi kilio: alimpeleka na kopo lake kwa François, muuguzi wa kituo cha afya.

François alimwaga vidonge mezani, akavitenga, akampigia daktari wa Bukavu. Daktari alishuku dawa ya presha. Aina ile huweza kuamsha soriasisi kwa baadhi ya watu.

"Mama, ile uliacha ndiyo iko nakulinda," François alimwambia.

Hapo Mama Asma alilia, na anakiri bila aibu.

Presha ilibadilishiwa dawa, akapewa na mafuta ya kupaka. Mikono imetulia, ingawa haijapona. Miezi miwili ile imeharibu nini mwilini, hakuna anayejua; atapimwa Bukavu mwezi wa Desemba, na anaogopa. Hata hivyo glavu amezivua, na nusu ya wateja wamerudi. Fatuma hununua mkate wa kwanza kila siku, anaula palepale, watu wakitazama.

Desemba atapita barabara ileile. Safari hii dawa zitakaa ndani ya maboksi yake, na juu yake karatasi ya François inayothibitisha kuwa ni za mgonjwa.

Na kwenye vizuizi wakimlipisha?

"Nitawapa mikate," anasema, akigeuza mwingine. "Kwa mukono huu."