Tumbo Nililobakiziwa

Kwetu ni Chinongwe, upande wa Ruangwa. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonipeleka Nachingwea, ndoa ikanibakiza huko. Niliingia mji ule nikiwa msichana mwembamba, nikanenepea humo humo, taratibu, uzazi baada ya uzazi. Kila nilipokwenda kwetu, shangazi zangu walinizunguka na kunipongeza. "Umependeza! Mumeo anakutunza." Nilifurahi. Hakuna aliyejua, wala mimi sikujua, kwamba ningefika mahali pa kutembea hadi shuleni kwa kusimama kila penye kivuli.

Sukari ilianza mapema. Kwanza vidonge, kisha sindano asubuhi na jioni. Ikafuata presha, yakafuata magoti, na kiungulia kilichonifanya nilale nimeegemea mito kama mtu anayesubiri gari. Kuswali niliswalia kwenye kiti. Nikazoea. Uchovu ukikaa nawe muda mrefu, unaacha kuuita uchovu, unadhani ndivyo ulivyo.

Kilichonitikisa ni msiba wa shangazi yangu kule Likunja. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu tangu asubuhi, na ulipofika wakati wa kuinuka kwenda kula, sikuweza. Nilijaribu kwa mkono mmoja, nikajaribu kwa magoti. Wakaja wanawake wakanishika kwapani na kiunoni, wakanivuta mpaka nikasimama. Hakuna aliyecheka. Walikunja nyuso kwa huruma, na mmoja akanifuta vumbi la mgongoni kama mtoto. Afadhali wangecheka.

Daktari wa wilaya alikuwa ameshanidokeza habari ya upasuaji, nami nilikuwa namkwepa. Baada ya msiba ule nilimfuata mwenyewe. Akaniandikia rufaa, na mimi na mume wangu tukapanda basi la Dar es Salaam mara tu alipomaliza kuvuna ufuta.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alitueleza bila haraka. Kuna puto, alisema, linaingizwa tumboni kwa mdomo, linakaa miezi kadhaa likikushibisha, halafu linatolewa. Kuna kupunguza tumbo: sehemu kubwa inakatwa na kutolewa kabisa, linabaki jembamba kama ndizi. Na kuna kugeuza njia: tumbo halitolewi, ila juu yake kinatengwa kifuko kidogo kama yai, kinaunganishwa na utumbo kule mbele, chakula kinapita njia fupi na kuliacha tumbo kubwa likiwa limekaa bure.

"Nataka puto," nilisema. Halikuwa na kisu.

"Puto likitoka, mama, tumbo litakuwa lile lile. Kwa sukari yako iliyokwishafika kwenye sindano, naona litakupa likizo tu."

"Basi hiyo ya ndizi."

"Kiungulia unacho?"

Mume wangu akanijibia. "Analala amekaa, daktari."

Kijana yule akatikisa kichwa. Alisema hiyo ya ndizi ni nyepesi kidogo kuifanya, lakini mtu mwenye kiungulia kikali inaweza kumzidishia. Kugeuza njia kungesaidia kiungulia na sukari kwa pamoja. Ila kuna gharama yake mwilini: vitamini na madini maisha yote, vipimo vya damu vya kila mara, vyakula vitamu vitakuangusha, na dawa kali za maumivu za kununua dukani marufuku, maana zinaweza kuleta vidonda pale palipounganishwa.

"Huko kwenu vitamini utazipata bila kukatiza?"

"Sijui."

"Lazima ujue kabla hatujakukata."

Nilimwomba anichagulie. Akakataa kwa upole. Alisema anaweza kuniambia yeye angeelekea wapi, lakini tumbo ni langu na miaka ya kuishi nalo ni yangu.

Tulikuwa tumefikia kwa shemeji yangu Mbagala. Nilichoka vibaya siku zile, na wala si kwa kutembea, ni kwa kuwaza. Maisha yangu yote mambo makubwa yalinikuta yamekwishaamuliwa: shule niliyopangiwa, kituo cha kazi, hata mume aliletwa na wajomba. Sasa naulizwa nataka tumbo la namna gani. Mume wangu, ambaye ni mkulima wa mikorosho kule Ruponda na si mtu wa maneno mengi, alisema jioni moja kibarazani, "Mama watoto, mimi naona hiyo ya kugeuza. Ile nyingine wanakata na kutupa. Hii angalau tumbo lako unabaki nalo humo ndani."

Haikuwa sababu ya kitabibu. Lakini nilijikuta nimeishikilia.

Nikampigia dada yangu Chinongwe. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, naye ana sukari kama mimi.

"Mungu kakupa tumbo zima, wewe unakwenda kulikata?" alisema. "Si ufunge mdomo tu, mdogo wangu?"

"Nimeufunga mara ngapi, dada?"

"Hujaufunga vizuri."

Simu ikakatika, au aliikata. Niliingia chumba cha upasuaji neno lile likiwa bado sikioni. Nilichagua kugeuza njia, shemeji akiwa ameahidi kunitumia vitamini kwa basi.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia, nililala nikaamka. Kazi ilianza baadaye. Maji kwa vijiko. Uji uliochujwa, supu iliyochujwa, kisha vitu vya kusaga kama vya mtoto anayeota meno. Tuliporudi Nachingwea nilikuwa nakaa jikoni naangalia wengine wakimega ugali wa muhogo kwa kisamvu, na sikuwa na njaa, hilo ndilo lililokuwa geni. Njaa ya tumbo haikuwepo, lakini mkono ulitaka kumega. Siku niliyouruhusu mkono, tonge lilinasa kifuani nikalitoa uani, machozi na makamasi, mume wangu amenishika paji la uso.

Nikajifunza. Kutafuna mpaka kinywani pabaki maji. Kutokunywa nikila, kutokula nikinywa. Mbaazi zilizopondwa, yai, samaki, kidogo kidogo, na kijiko kuwekwa chini kila baada ya kumeza. Mlo wangu unachukua muda kuliko wa mtu mwingine yeyote nyumbani, ingawa ungetosha kwenye kisahani cha kikombe. Wageni wakija wananisubiri wakidhani nasusa.

Mwili ukaanza kuondoka. Na nywele nazo zikaondoka, zikawa zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu. Uso ulishuka. Nguo nilizishonesha upya, zikapwaya tena. Na hapo ndipo mji ukaanza kusema. Kwetu mtu mzima akikonda ghafla, watu hawafikirii hospitali ya Dar. Sokoni nilimsikia muuza dagaa akimwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Mwalimu naye kakanyaga waya, maskini." Shuleni mwalimu mwenzangu, mwanamke ninayemheshimu, alinivuta nyuma ya ofisi akaniuliza kama nimekwenda kupima, akaongeza kwamba dawa siku hizi ni nzuri, mtu anaishi. Nilimshukuru. Nikamweleza habari ya upasuaji, akaitikia kwa kichwa, na nikaona machoni kwamba hakuniamini. Nilikuwa sina nguvu ya kumweleza tena.

Msimu wa korosho nilikwenda Chinongwe. Dada yangu hakuwa ameniona tangu nikatwe. Alinipokea mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akaingia jikoni. Alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, akakaanga samaki, akakamua mabibo ya mikorosho jagi zima. Nilikula ming'oko miwili, nikaona anavyoitazama sahani. Ili nisimvunje moyo nikanywa maji ya mabibo, glasi yote, matamu kama yalivyokuwa utotoni.

Hayakukaa. Moyo ulianza kupiga kama nimekimbizwa, jasho likanitoka mpaka kwenye vidole, tumbo likanisokota, macho yakaona giza. Nililala chini pale pale ukumbini. Nilimsikia dada akilia, "Mdogo wangu! Nimekuua, jamani, nimekuua!"

"Hujaniua," nilisema nilipoweza. "Ni sukari. Inapita njia fupi. Itakwisha."

Alikaa sakafuni akanilaza kichwa mapajani, ananipepea kwa ncha ya kanga. Ilipokwisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ndivyo unavyoishi?"

"Si kila siku. Ila ndivyo ninavyoishi."

Sitaki nieleweke vibaya. Sindano niliacha. Siku daktari wa wilaya aliposoma vipimo akaniambia nisichome tena, nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikiangalia mapaja yangu yenye alama za sindano za miaka yote ile, na sikujua nifanye nini na mikono. Kiungulia kimekwisha, nalala nimenyooka. Na kuna asubuhi moja nilitandika mswala, nikasogeza kiti pembeni, nikasujudu, paji la uso likagusa chini. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko inavyopasa. Kuinuka niliinuka kwa kushika ukuta, lakini niliinuka mwenyewe.

Ramadhani ya kwanza nilifunga, nikaishiwa maji mwilini nikaanguka darasani. Kati ya futari na daku tumbo langu halikuweza kupokea maji ya kutosha. Daktari alinikataza kwa simu. Sasa natoa fidia, namlisha mtu mwingine kwa siku nisizofunga, na jioni nawapikia nyumba yangu futari ambayo siigusi mpaka wamalize, ili nisiwaharibie hamu kwa mwendo wangu wa kijiko.

Ngozi imebaki. Inaning'inia mikononi na tumboni kama nguo ya mtu mwingine. Nilimuuliza mume wangu ananionaje, nikitegemea anidanganye. "Nakuona umechoka," alisema. "Njoo ulale."

Mwaka huu dada yangu alipata kidonda cha mguu kisichopona. Nilimleta Nachingwea, nikamsindikiza kliniki. Tukiwa kwenye benchi aliniuliza, bila kunitazama, "Mimi kukatwa kungenifaa?"

Nilitamani kumjibu ndiyo kwa moyo mweupe. Nilimwambia, "Ningerudi nyuma ningefanya vile vile. Lakini utachoka, dada. Hata ukipona utachoka."

Tulimuuliza daktari pamoja. Alisikiliza kifua chake, akaagiza vipimo, na vilipotoka akasema moyo wake hauwezi kuhimili usingizi wa upasuaji. Ataendelea na sindano, kidonda kisafishwe kila siku, chakula kipimwe.

Nilidhani atalia. Alifunga kanga yake vizuri, akashuka ngazi polepole ameniegemea, na tulipokuwa tunasubiri bajaji akavuta pumzi ndefu.

"Bora," alisema. "Hizo njia mbili za kukatwa ulizonieleza, mimi ningeshindwa kuchagua."

Kwa kitambo kidogo nilimwonea wivu. Kisha bajaji ikaja, nikamsaidia kupandisha mguu.