Mdudu wa Baba Ukutani

Kengele ya baisikeli ililia nje kabla hatujamwona mtu. Mama akanyoosha kidole ukutani.

"Baba watoto, itoe hiyo picha! Mshenga akijua uliugua malale, binti yako haolewi."

Ilikuwa picha ya mdudu wa malale aliyetolewa katika damu ya baba. Watafiti waliomtibu baba huko Biharamulo walipeleka damu yake Ulaya, wakampiga mdudu picha kwa hadubini ya elektroni, na kiumbe kisichoonekana kwa macho kikaturudia kikubwa kama kambare, mkia umepinda.

"Adui niliyemshinda nimfiche?" baba akajibu.

Mshenga, mwanamgambo aliyetoka vitani majuzi, aliitikia shikamoo zetu, kisha akaganda mbele ya picha.

"Huyu nani?"

"Malale yangu," baba akasema. Mama akafumba macho.

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa. Mimi nakula ugali."

Mshenga alicheka mpaka akashika kiti. "Mzee, sisi tumemfukuza adui hadi Kampala, hatukurudi hata na picha yake! Nyumba hii tunaoa."

Akiondoka aliipigia picha saluti. Mama, aliyekwisha kuanza kuipangusa picha vumbi kwa kanga, akafunga mlango nyuma yake taratibu.